Vitabu vya magendo vya Lithuania

Mwalimu, Kisumu: Wanafunzi wangu wameniuliza iwapo kuna watu waliowahi kuvusha vitabu kwa magendo, jinsi sukari inavyovushwa Busia. Je, wenzangu, mnafahamu mfano wowote?

Msomaji, Nakuru: Upo, Mwalimu. Baada ya uasi wa 1863 dhidi ya utawala wake, Urusi, iliyoitawala Lithuania wakati huo, ilipiga marufuku vitabu vya Kilithuania vyenye herufi za Kilatini, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1904. Vilichapishwa Prussia, dola jirani la Kijerumani, hasa mjini Tilsit, kisha wabebaji wakavivusha mpaka usiku wakiwa wamevificha ndani ya magunia. Aliyekamatwa aliweza kupelekwa uhamishoni Siberia.

Mkutubi, Kakamega: Naongezea kwamba mashuhuri wao, Jurgis Bielinis, alizaliwa Machi 16, tarehe ambayo Walithuania huwakumbuka wabebaji hao.

Mwalimu, Kisumu: Ahsanteni. Sukari imepata mshindani.