Mrejesho: CPAP sasa nalala nayo hadi asubuhi

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kama kuna aliyewahi kuizoea mashine ya CPAP (ile inayopuliza hewa kupitia barakoa ili pumzi isikatike usingizini), maana mimi ilikuwa inanikaba na kila usiku naishia kuivua. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi yangu inakatika au kupungua mara 38 kwa saa, na kuanzia 30 tatizo hili huhesabiwa kali, kwa hiyo kuacha nisingethubutu.

Kilichonikomboa ni barakoa. Mikanda nilikuwa naifunga nikiwa nimekaa, naibana mpaka inaniachia alama puani, na bado hewa inavujia machoni. Uliyenishauri niifunge nikiwa nimelala, mashine ikipuliza, Mungu akubariki! Uso hubadilika ukilala. Ukilegeza mikanda kidogo, silikoni inajaa hewa na kuziba yenyewe. Mchana pia naivaa nikiangalia taarifa ya habari, ili niizoee nikiwa macho.

Daktari aliiseti presha ya hewa ianzie chini, kwenye 4, ipande taratibu nikishasinzia. Koo kukauka kumeisha tangu niwashe kile kitanki cha maji cha kuleta unyevu. Ila mashine iwekwe chini ya usawa wa kitanda, la sivyo mvuke unaogeuka maji kwenye bomba unakurudia usoni.

Umeme ukikatika bado ni mtihani, betri naichangia pesa. Lakini mashine sasa inasoma pumzi kukatika mara 3 tu kwa saa, na mama watoto amerudi kulala chumbani. Dada uliyesema baba yako ameifungia mashine yake kabatini, mwambie aanze kuivaa mchana.