Otomatiki au manuali: semi ipi ya kushukia Kitonga na mzigo?

Wadau wa barabara, salaam. Nina miaka 14 kwenye semi, Dar hadi Tunduma, wakati mwingine hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Miaka 9 ya kwanza ilikuwa manuali. Sasa naendesha Volvo FH yenye I-Shift, giaboksi la otomatiki: gia 12, pedali mbili tu. Kila nikiegesha Ruaha Mbuyuni nasikia yaleyale, kwamba dereva wa otomatiki si dereva, ni abiria aliyeshika usukani. Tuujadili, maana matajiri wanabadilisha magari na vijana wanaanzia hukohuko kwenye otomatiki.

Mimi nasema kwenye mteremko mkali otomatiki ni salama zaidi. Kinachoua Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, ni breki kuchemka. Ukikanyaga mfululizo, ngoma zinashika moto na breki hazikamati tena. Kinga ni gia nzito na breki ya injini, kabla mteremko haujaanza. Kwenye manuali ukichelewa, ukataka kupunguza gia katikati, mzunguko wa injini na wa giaboksi umeshapishana. Gia inakataa kuingia, uko frii bila gia yoyote, na tani 30 zinakusukuma. Yalinikuta usiku wa mvua. Nililisugua gari kwenye kingo ya upande wa mlima hadi likasimama, na mikono ilitetemeka mpaka kunakucha. Hili la sasa nikivuta breki ya injini, giaboksi lenyewe linashusha gia, mzunguko unapanda na injini inalizuia gari kwa nguvu zake zote.

Tena foleni ya Tunduma goti la kushoto linapumzika. Wenye umri wangu wanajua.

Dereva wa Makambako:
Kaka, heshima yako. Lakini wewe ulitoka manuali, ndiyo maana otomatiki inakutii. Masikio yako yanajua injini inasema nini. Kijana aliyeanzia otomatiki anaweka D Dar na haigusi tena hadi Mbeya. Mteremko ukianza anakanyaga breki, kwa sababu hajui kingine. Kesho akipewa Howo, lori la Kichina, la manuali lenye mzigo wa mbolea, nani atakuwa mbele yake barabarani? Ni mimi na wewe, na mabasi ya abiria.

Fundi wa Mafinga:
Nawasikia, lakini mnasahau kitu. Pedali ya klachi haipo, klachi ipo. Ni ileile kavu, tofauti ni kwamba inasukumwa na upepo wa kompresa na kuamriwa na kompyuta. Madereva wanalishikilia gari kwenye foleni ya mlimani kwa kukanyaga mafuta, hawashiki breki, halafu wanakuja kwangu klachi pleti imeungua wakisema otomatiki ni mbovu. Pia magari mengi yanayoingia yametumika Ulaya miaka mingi. Manuali ikigoma nalala chini na spana. Otomatiki ikigoma kwa ajili ya sensa moja, gari linalala barabarani hadi apatikane mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu.

Mwanzisha mada:
Fundi, kwa klachi umesema kweli, na hilo la kompyuta silibishi, nimeshalala porini siku mbili nikisubiri. Wa Makambako nakuunga mkono nusu. Kosa la yule kijana si giaboksi, ni kwamba hakuna aliyekaa naye kwenye mteremko na mzigo halisi. Aliyeanzia manuali bila kufundishwa naye anakanyaga breki vilevile, na juu ya hayo anaweza kujikuta frii. Utingo wangu namfundisha hivi: hatujafika kwenye kibao cha mteremko, anatoa kwenye D na kuweka hali ya kubadili gia mwenyewe kwa mkono, anachagua gia ambayo gari lingepandia mlima uleule, anavuta breki ya injini, na mguu unagusa breki kwa vipindi vifupi tu. Akiniuliza kwa nini tunatambaa, namwonyesha vyuma vilivyolala bondeni.

Wa miteremko ya Sekenke na Mlima Nyoka, ninyi mnashukaje?