Sefu ya alama ya kidole imegoma kufunguka: nitengeneze hii, au ninunue ya namba au ya ufunguo?

Mama Gangilonga
Habari za jioni wanajukwaa. Nina sefu ya nyumbani inayofunguliwa kwa alama ya kidole, nayo tangu juzi imegoma kabisa. Ndani yake kuna hati ya kiwanja, vyeti vya watoto na daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambalo linahitajika kwenye kikao cha Jumamosi. Mume wangu anaona kwamba ikishafunguliwa tuiondoe na kununua ya ufunguo mtupu, mimi naona ya namba ingefaa zaidi, na jirani anasisitiza kwamba hii hii inatengenezeka. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla hatujatoa fedha, kwa kuwa madukani hapa Iringa kila muuzaji anaisifia aliyonayo.

Fundi wa Mwanjelwa
Dada, umetunyima habari zote ambazo zingetuwezesha kukujibu. Unapoweka kidole, taa inawaka, na ni ya rangi gani? Betri ni za aina gani? Je, ufunguo wa dharura unao, na umeujaribu? Tatizo linaweza kuwa kwenye betri, sensa, komeo au mlango wenyewe, na kila kimoja kina tiba yake. Bila majibu hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwalimu Uyole
Mimi sihitaji maelezo zaidi ili kusema kwamba alama ya kidole haifai kwa hali ya hewa ya kwetu. Mwezi wa sita na wa saba, kwa ajili ya baridi, ngozi hukauka na kupasuka, na sensa hushindwa kuisoma. Kumbukeni usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, na jinsi wazee wetu waliozoea jembe walivyosumbuka kwa sababu vidole vilikuwa vimesuguliwa mpaka vikawa laini. Chukua ya namba, mama, na uandike namba hiyo mahali ambapo wewe na mumeo tu mnapafahamu.

Mnyalukolo Halisi
Ya ufunguo. Haina betri, haina sensa. Baba yangu alikuwa na moja hapa Kihesa na mpaka leo inafanya kazi.

Mama Gangilonga
Asanteni. Ninapoweka kidole, taa ya kijani inawaka na ninasikia kama kitu kinagonga kidogo sana ndani ya mlango, lakini kishikio hakizunguki. Betri ni nne ndogo za kuchaji, ambazo mwanangu aliziweka ili tuepuke gharama ya kununua kila mara. Ufunguo wa dharura ninao, unaingia na kuzunguka vizuri, lakini kishikio bado kinakataa.

Fundi wa Mwanjelwa
Sasa tumeanza kuelewana. Taa ya kijani ina maana kwamba sensa imekisoma kidole na kukikubali, kwa hiyo hoja ya baridi, pamoja na heshima zote kwa Mwalimu, haihusiki hapa. Kilichoshindwa ni solenoidi, yaani kile kisumaku cha umeme kinachovuta pini ili kishikio kiweze kuzunguka. Taa na mlio hutumia umeme kidogo mno, ilhali solenoidi hudai umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Betri 4 za AA za alkalaini hutoa volti 1.5 kila moja, yaani volti 6 kwa pamoja. Zile za kuchaji zinazouzwa sana ni za volti 1.2, jumla volti 4.8, na sefu nyingi za bei ya kawaida huzihesabu kuwa zinaelekea kuisha. Hata ukizipima kwa mita usiridhike haraka, kwa maana betri iliyochoka huonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo, kisha huanguka pale solenoidi inapovuta.

Kuhusu ufunguo, nadhani makomeo yamebanwa. Vitu vilivyoshindiliwa ndani huusukuma mlango kwa nje, na makomeo hujikaza kwenye fremu. Usukume mlango kwa goti, zungusha ufunguo na uushikilie hapo hapo bila kuuachia, kisha zungusha kishikio kwa mkono wa pili. Ikishindikana, angalia pembeni mwa sensa au chini ya vitufe kama kuna kifuniko kidogo: baadhi zina tundu la kisanduku cha betri cha nje, nyingine zina ncha mbili za kugusishia betri ya mraba ya volti 9, na mpya zina tundu la USB. Fuata kijitabu chake, na tafadhali mtu yeyote asiikaribie kwa nyundo.

Mkulima wa Njombe
Wala kwa grenda. Naomba mnivumilie nieleze yaliyonikuta, kwa sababu dalili zilikuwa hizi hizi.

Sefu yangu ilikataa kufunguka katika msimu wa mavuno ya parachichi, wakati vibarua walikuwa wanasubiri malipo uani. Fundi wa vitasa hakupatikana, hivyo tukamwita fundi wa kuchomelea, ambaye hakuuliza habari ya betri wala ufunguo. Aliigonga sefu kwa kidole, akasikiliza, akasema ataikata juu. Bati la juu lilikuwa jembamba kuliko nilivyoaminishwa dukani, na diski ilipopenya, cheche zilimwagika ndani moja kwa moja. Tulisikia harufu ya plastiki kabla ya kuona moshi. Vyeti vya kidato cha nne vya mabinti zangu wawili vilikuwa kwenye mafaili ya nailoni. Nailoni ikayeyuka na kugandia karatasi, na tulipojaribu kuibandua ilitoka pamoja na maandishi. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwaga ndoo ya maji kupitia tundu lile, na yale ambayo moto ulikuwa umeyaacha yakalowa. Fundi alidai malipo yake kamili na akalipwa.

Baadaye, mlango ulipokuwa umeegemezwa ukutani ukisubiri wanunuzi wa vyuma chakavu, tuliuwekea betri mpya kwa udadisi tu, na ukafunguka mara moja kwa kidole changu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa sefu ya namba yenye mahali pa kubadilishia betri kwa nje, na sioni mtu wa kunishawishi vinginevyo.

Kijana wa Kabwe
Pole sana, mzee. Mimi natetea alama ya kidole, lakini iliyosajiliwa sawasawa: kidole kimoja kisajiliwe kwa pembe tofauti, na kidole cha mkono wa pili kiwe cha akiba. Tahadhari nyingine ni kuijaribu kwa kidole cha mtu ambaye hajasajiliwa. Mwezi Oktoba 2023, nchini Marekani, ilitangazwa kwamba sefu za silaha zipatazo 61,000 za alama ya kidole zirudishwe, kwa kuwa kabla ya kusajiliwa zilifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na kifo cha mtoto wa miaka 12 kilihusishwa nazo.

Mnyalukolo Halisi
Ndiyo maana nasema ufunguo.

Fundi wa Mwanjelwa
Ndugu yangu, ufunguo nao unahitaji mahali pa kufichwa, na katika nyumba nyingi ninazoitwa huwa nauona juu ya kabati la vyombo kabla sijaonyeshwa. Kama mnataka kuachana kabisa na betri, kuna zenye gurudumu la namba la kuzungusha kwa mkono. Ni za polepole na bei yake iko juu, lakini zinadumu. Zaidi ya aina ya kufuli, mtazame unene wa chuma na uthibitisho. Kipimo cha Ulaya cha EN 14450 kina madaraja mawili, S1 na S2, nayo S2 ndiyo imara zaidi. Nyingi zinazouzwa barabarani hazina hata kimoja.

Mama Gangilonga
Imefunguka. Mume wangu aliegemea mlango kwa goti, nami nikazungusha ufunguo na kishikio. Mafaili yalikuwa yamejaa mpaka kona zake zimejikunja kwenye mlango. Nimeweka betri za alkalaini na sasa kidole kinafungua, ingawa mara mbili imekataa kabla ya kukubali. Kwa hiyo swali la kununua nyingine bado lipo, na humu ndani nyumbani hatujaafikiana.

Mwalimu Uyole
Hiyo mara mbili ndiyo baridi niliyoisema.

Fundi wa Mwanjelwa
Inategemea ilikataa kwa taa nyekundu au ya kijani, Mwalimu. Ikiwa ni nyekundu, nitakubaliana nawe.

Mkulima wa Njombe
Mama, mimi jambo linalonisumbua ni daftari la kikundi. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Daftari likikaa kwenye sefu inayofunguliwa kwa kidole chako, siku ukiwa safarini kikao kitafanyikaje?

Mama Gangilonga
Nilikabidhiwa kwa ajili ya kuandaa hesabu za mgao tu, kaka, na katibu ana taarifa. Jumamosi linarudi sandukuni. Ila sefu yenyewe bado haijafungwa popote, imekaa tu chini ya kabati la nguo, na watu wawili wanaweza kuibeba.

Mnyalukolo Halisi
Basi hata ungenunua ya dhahabu ni kazi bure. Ifungwe ukutani kwa bolti za kutanuka. Ukuta ni wa tofali za kuchoma?

Mama Gangilonga
Ni za kuchoma, zimejengewa kwa udongo, na juu kuna plasta ya saruji.

Fundi wa Mwanjelwa
Ukuta huo msiutoboe, kwa sababu bolti ikitanuka itapasua tofali, na udongo hautaishika. Sakafu ingefaa zaidi, mradi zege liwe na unene wa kutosha. Lakini itoeni kwanza kabatini muangalie matundu yake yako upande gani, maana nyingine zina ya nyuma tu, na ikiwa yenu ni ya namna hiyo, swali la kununua litajadiliwa kwa namna nyingine kabisa.