Udongo wa gereji umelowa oili: bakteria wanaweza kuusafisha nipande mboga?

NyarKano: Habari zenu wadau. Tuna kiploti Nyamasaria, Kisumu, ambacho mzee wangu alikuwa amewakodishia mafundi wa magari kwa miaka mingi. Wamehama, nami nataka kupanda sukuma na osuga (mnavu). Shida ni pale walipokuwa wakimwaga oili chafu. Udongo unanata kwenye jembe, mvua ikinyesha maji yanatuama yakimetameta rangi rangi, na hata magugu hayaoti. Kuna kijana anauza bakteria wa chupa, anasema nimwage tu, wiki mbili nipande. Bei ni kali. Nimlipe? Watoto watakula hapo.

Udongo_Hai: Mama, hela usitoe. Bakteria wanaokula oili wapo kweli, lakini wengi tayari wamo humo ardhini, jamii ya Pseudomonas kwa mfano, na penye oili ya miaka huwa wameshaizoea. Wanachokosa ni hewa, naitrojeni na fosforasi. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili bakteria wa palepale wapate nguvu.

Chimba udongo wote ulioharibika, uutandaze juu ya nailoni nzito, kimo kisizidi futi moja na nusu, na juu uufunike mvua isiusombe hadi mtaroni. Huo wetu mweusi wa Kano ndio kazi: ukilowa unafunga kabisa, hewa haipiti, na bakteria hawa bila hewa wanazubaa. Changanya makapi ya miwa mengi ulegee, halafu samadi iliyoiva. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Geuza kila wiki, vaa glavu na gambuti. Joto la Kisumu litakusaidia, lakini hesabu miezi. Ile oili nzito nzito huisha mwisho.

Jirani_wa_Ziwa: Badala ya makapi, si achukue gugumaji? Ziwani limejaa, ni bure.

Udongo_Hai: Hapana. Gugumaji hufyonza metali nzito majini, tutamwongezea tatizo.

Mkunga_Mstaafu: Mwanangu, mbona hakuna aliyeuliza kuhusu betri? Ndani ya betri za magari kuna risasi, ile metali yenye sumu, na bakteria hawaili. Risasi haiozi, haigeuki kuwa kitu kingine, na huharibu ubongo wa mtoto. Yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, tuliyaona. Hao mafundi walikuwa wakifungua betri?

NyarKano: Walikuwa wakifungua, upande wa mwembe.

Mkunga_Mstaafu: Basi udongo wa huko usiuchanganye na huu hata koleo moja. Peleka sampuli za pande zote mbili maabara ipime risasi na mabaki ya mafuta. NEMA, mamlaka ya mazingira, wana orodha ya maabara zilizoidhinishwa.

Udongo_Hai: Naunga mkono. Baadaye panda maharagwe kwenye mkebe wa udongo uliotibiwa na mwingine wa udongo safi, ulinganishe. Yakidumaa, endelea kugeuza. Yakistawi, bado usile kitu kabla ya majibu ya maabara. Kwa sasa panda sukuma kwenye magunia, udongo uletwe kutoka kwingine.

NyarKano: Asanteni sana. Kijana nitamwambia hapana. Na kuku je? Wanashinda chini ya ule mwembe wakichakura.

Mkunga_Mstaafu: Wafungie leo hii. Risasi huingia hadi kwenye mayai. Mayai yao usiwape watoto mpaka majibu yatoke.