Kitasa cha mlango wa mbele: nipime nini kabla ya kununua kipya?

Swali
Habari wakuu. Nipo Tabora mjini. Mlango ni wa mninga, unene mm 40, kitasa cha kuzamisha chenye silinda (kile kipande kinachoingia ufunguo). Mkono umelegea, na ufunguo hauzunguki mpaka uuinue mlango kidogo. Nataka kubadili kitasa chote bila kuchimba mbao upya.

Jibu 1
Mkuu, mlango wa kuinuliwa ugonjwa wake mara nyingi uko kwenye bawaba, kitasa kinasingiziwa tu. Paka chaki ncha ya ulimi unaotoka ukizungusha ufunguo, funga mlango, jaribu kuzungusha, kisha fungua uangalie alama kwenye kibati cha fremu. Ikigusa ukingo wa chini wa tundu, mlango umeshuka. Anzia bawaba ya juu: toa skrubu, pigilia vijiti vya mbao ngumu vyenye gundi, acha usiku kucha, toboa upya. Mlango wa mninga ni mzito, weka bawaba tatu za inchi 4. Ikibaki tofauti ya mm 1 tu, tupa ya kukwangulia chuma inatosha, panua tundu la kibati kwa chini. Wala usilaumu mvua haraka. Mninga uliokauka vizuri hauvimbi kivile.

Jibu 2
Hapo sawa. Kuhusu vipimo, ng'oa cha zamani uende nacho dukani. Fungua skrubu ndefu ya ukingoni iliyo usawa wa tundu la ufunguo, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana mpaka kijino cha katikati kijifiche ndani ya silinda, ndipo uvute. Ikigoma usitumie nguvu, rudisha ufunguo nyuma kidogo.

Pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya silinda. Hiki cha pili ndicho kinachowaponza wengi: kuna cha mm 72 na cha 85, na vibao vya mikono havibadilishani. Silinda hupimwa kuanzia tundu la skrubu kwenda kila upande, kwa hiyo 30/40 si 35/35 japo zote ni 70. Mlango wako ukiwa na vibao vya mm 10 kila upande, chukua 30/30. Ikichomoza nje zaidi ya mm 3, mwizi anaibana kwa koleo na kuikata pale penye tundu la skrubu, ndipo palipo pembamba.

Muuliza swali
Asanteni. Skrubu za shaba zinakatika vichwa, nafanyaje?

Jibu 3
Shaba haiwezi kujichimbia kwenye mninga. Kwa skrubu ya mm 4 toboa kwanza na biti ya mm 3, pitisha skrubu ya chuma, itoe, kisha ingiza ya shaba ukiwa umeipaka sabuni ya mche. Zile mbili zinazobana vibao vya mikono zikaze kwa zamu na usizidishe. Kasha la kitasa lililomo ndani ya mbao likibanwa, ulimi unakuwa mzito. Na jaribu ufunguo pande zote mbili mlango ukiwa wazi, kabla hujaufunga.