Nyie mnaotusifia Kabukicho, mbona hamsemi kwamba hata kiti kinalipiwa?

Wakuu, heshima zenu.

Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta, matusi yalikuwa mengi. Huu wa tatu nimeandika baada ya kunywa maji. Namlenga yule ndugu yetu mwenye chaneli ya safari aliyerusha video ya mambo kumi ya kufanya Kabukicho usiku, pamoja na nyie wote mliokuwa mnamrushia mioyo pale chini. Jina simtaji, mwenyewe atajijua. Ndugu yangu, umeniumiza, na umemuumiza mzee wa watu.

Kwa msiojua, Kabukicho ni mtaa wa starehe ulioko Shinjuku, Tokyo. Taa mpaka macho yanauma, baa juu ya baa, jengo jembamba kama kabati lakini lina ghorofa nane na kila ghorofa ina mwenyewe. Jina peke yake lilipaswa kunishtua. Baada ya vita, eneo likiwa majivu kwa mabomu, walipanga kujenga hapo ukumbi wa kabuki, ile tamthilia yao ya jadi, na mwaka 1948 mtaa ukapewa jina hilo. Ukumbi wa kabuki haukujengwa. Yaani mtaa unaitwa kwa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na mimi nikafunga safari kwenda kutafuta vitu ambavyo havipo.

Mimi ni mtu wa magari. Naenda mnadani Japani mara moja moja, nachagua, napakia, narudi Dar. Safari hii nilikuwa na mzee mmoja wa Arusha, mtu wa makamo ya baba yangu, anatafuta Haisi mbili. Tumefikia Kawasaki, mji jirani na Tokyo. Jumamosi jioni kazi zimeisha, nikamwambia, "Mzee, leo nakupeleka mjini ukaone Japani yenyewe." Akasema, "Kijana, mimi mguu wako." Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Mzee alinifuata mimi.

Video ilisema ukishuka Shinjuku umefika. Wakuu! Stesheni ya Shinjuku ndiyo iliyoandikwa kwenye rekodi za Guinness kuwa yenye abiria wengi kuliko zote duniani, mamilioni kwa siku, na ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Sisi tukatokea upande wa magharibi. Kabukicho iko mashariki. Dakika arobaini tunazunguka chini ya ardhi, mzee anasalimia kila mtu aliyevaa sare akidhani ni mlinzi. Neno moja tu, "tokeeni mlango wa mashariki", lingetutosha, lakini yeye sekunde ishirini kazitumia kuonyesha viatu vyake.

Tumefika saa tatu na nusu usiku. Lile geti jekundu la taa tumepiga picha, sawa, ni zuri, sina ugomvi nalo. Kichwa cha Godzilla, lile dude la filamu za Kijapani, juu ya jengo la Toho tumekiona. Kipo tangu 2015, na kweli kinaunguruma na kutoa moshi, ila kwa ratiba ya kila saa, na mwisho ni saa mbili usiku. Tumesimama pale kama wanaosubiri daladala, shingo juu. Godzilla alishalala. Namba moja kwenye orodha ya huyu bwana ilikuwa shoo ya maroboti, Robot Restaurant. Ile ilifungwa enzi za korona! Video ameirusha mwaka jana. Sasa wewe uliingia saa ngapi, na nani alikufungulia?

Haya, tukatafute chakula. Nilikuwa nimeona kwenye simu izakaya moja, zile baa zao za kula na kunywa, maoni mazuri. Tumebakiza hatua kama hamsini, anakuja kijana nadhifu, suti nyeusi, menyu yenye picha kifuani. Anauliza kwa Kiingereza tunakwenda wapi. Nikamwonyesha simu. Akainamisha kichwa kwa masikitiko: leo pamejaa kabisa, ila tuna tawi letu hapo jirani, chakula kilekile, vinywaji bila kikomo saa mbili nzima kwa yeni 1,980 kila mtu. Hiyo ni kama elfu 33 zetu. Mzee akanivuta shati. "Kijana, mimi Ubungo nimepita miaka ishirini. Huyu ni mpigadebe."

Na mimi, msomi wa video, nikamjibu, "Mzee, hii ni Japani."

Wakuu, hilo jibu linanirudia mpaka usingizini. Maana ndivyo mlivyotulisha wote: Japani ukisahau pochi kwenye treni unaikuta, mtoto wa miaka saba anakwenda shule peke yake, hakuna mwizi. Basi ukitua unazima akili yote uliyotoka nayo Kariakoo. Kumbe wapigadebe wa pale wana jina lao, *kyakuhiki*, na kule kunyonywa kwenye bili kuna neno lake, *bottakuri*. Kitu kikishapata jina ujue kimezoeleka. Tokyo ina kanuni ya kuzuia bili za namna hiyo tangu mwaka 2000, na wilaya ya Shinjuku ikapiga marufuku wapigadebe mwaka 2013. Kibaya zaidi, vipaza sauti vya mtaani vilikuwa vinatangaza usiku ule ule, kwa Kijapani, msiwafuate wanaowaita barabarani. Mimi nikadhani ni tangazo la soda. Nikamwambia mzee, sikia wanavyojua kuchangamsha mtaa.

Lifti mpaka ghorofa ya saba. Chumba kidogo, wateja meza mbili. Tukaletewa vibakuli viwili vya kabichi yenye ufuta ambavyo hatukuagiza. Nikaona ukarimu huo, nikala. Mzee hanywi pombe, akaomba chai ya baridi. Mimi bia. Ya pili ilikuja baada ya dakika 35. Kisha mhudumu akasema hiyo ofa ya vinywaji ina sharti, kila mtu aagize sahani tatu. Sahani tatu za nini, mtu anataka vijiti vitatu vya kuku?

Bili nimeihifadhi, naiandika hapa neno kwa neno muione. Vinywaji 3,960, sawa, ndivyo tulivyokubaliana. Viti 5,000. Kabichi 1,960. Wikendi 3,000, yaani tumetozwa kwa kuwa ni Jumamosi! Sahani sita 7,200. Huduma asilimia 20, yeni 4,224. Juu yake kodi ya asilimia 10. Jumla yeni 27,878. Karibu laki tano, wakuu. Bia tatu, chai mbili.

Mzee akaitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Kijana, tumevunja nini humu ndani?"

Nimebishana. Wakaleta menyu, wakaonyesha maandishi ya Kijapani madogo kama sisimizi pale chini kabisa, eti yote yameandikwa. Jamaa mmoja mpana akasimama karibu na lifti, hasemi kitu, anakunja tu mikono. Nikatoa kadi. Tunashuka chini ni saa sita na nusu, na treni ya mwisho ya kwetu ilishaondoka tukiwa tunahesabu kabichi. Video haikusema pia kwamba Tokyo yote hiyo na umaarufu wake treni zinalala, na mpaka saa kumi na nusu alfajiri hivi hakuna kitu. Teksi usiku inaongezwa asilimia 20. Mpaka Kawasaki nikapiga hesabu nikakaa kimya.

Tumelala karaoke. Ndiyo, karaoke, ni vyumba vidogo vidogo vya kukodi kuimbia, wenyeji waliokosa treni wanajibanza humo mpaka asubuhi. Safari hii niliuliza bei mara tatu na nikaandikiwa kwenye karatasi. Kwenye mashine nimetafuta wimbo hata mmoja wa kwetu sikuuona. Mzee akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, chumba cha pili watu wanapiga kelele za roki mpaka saa kumi na moja. Hakunisema hata neno moja, na afadhali angenisema.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha hasira upya. Jumapili jioni kuna dogo wa Kitanzania anasoma kule, nilipomsimulia akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kaka, twende tena, nikuonyeshe." Mzee akagoma kwanza, akaja akiwa ameacha pochi hotelini.

Dogo akatuanzia jengo la serikali ya mji, lile la minara miwili, upande uleule wa magharibi tuliopotelea jana. Ghorofa ya 45, mita 202 juu, unaona Tokyo yote inawaka mpaka mwisho wa macho. Kiingilio? Bure. Bure, wakuu! Siku ya pili nikagundua kwamba jambo zuri kuliko yote tulipita chini yake tumepotea. Tukashuka Omoide Yokocho, kichochoro cha moshi kilichoanzia kwenye soko la magendo la baada ya vita. Kuku na nyama za mishikaki, unakaa bega kwa bega na wenyeji, bei imebandikwa. Mzee alikula kama yuko kwao.

Kisha Golden Gai, ndani ya Kabukicho yenyewe. Vichochoro sita, baa zaidi ya 200, nyingine zina viti sita tu na ngazi kama ya kupandia dari. Miaka ya 1980 ardhi ilipopanda bei na moto wa kutiliwa shaka ukaanza kuwaka, watu wa pale walilinda usiku kwa zamu ili pasibomolewe. Hiyo ndiyo hadithi ya kuweka kwenye video, siyo viatu. Tukaingia kwa mama mmoja mtu mzima. Mlangoni kaandika: kiti yeni 800. Nikalipa kiti kwa moyo mweupe. Mzee alipoomba chai mama akamchemshia ya moto, akamuuliza kwa ishara kama ana wajukuu.

Kwa hiyo msije mkanielewa vibaya. Kulipia kiti ni desturi yao, na ile sahani ya kwanza usiyoagiza inaitwa *otoshi*, hata sehemu za heshima wanaitoza, mara nyingi yeni 300 mpaka 500. Nani alishindwa kutuambia hivyo? Dakika kumi na nane za video! Yeye alikuwa anaonyesha yale magari ya matangazo yenye picha za vijana wa kiume waliopakwa poda, anasema "jamani utamu". Dogo ametueleza hao vijana wanalipwa kukaa na wateja wa kike, na mabinti wamezama kwenye madeni ya vinywaji kiasi kwamba mwaka 2025 Japani ilibidi irekebishe sheria. Utamu gani?

NYONGEZA 1: Mnaouliza kwa nini sikwenda polisi. Kumbe kuna kibanda cha polisi, *koban*, mle mle Kabukicho, mwendo wa dakika chache. Sikujua. Dogo anasema ukibanwa bili unasema twende koban tukaongelee huko, na wengi wao hapo hapo sauti inashuka. Nimeijua nikiwa nimeshalipa. Kadi nayo nimewapigia benki, wananiambia muamala niliidhinisha mwenyewe, na ni kweli.

NYONGEZA 2: Mkuu unayesema ningeenda Dotonbori, mtaa wa starehe wa mji wa Osaka, nimefika huko safari iliyopita. Ni kweli pale kula ni kwa kusimama, unanunua zile duara za unga zenye kipande cha pweza, bei iko mbele ya macho, unasogea mfereji unaliangalia lile bango la taa la mkimbiaji, la kampuni ya peremende ya Glico. Mtu wa Dar akionja ile pweza ya moto anaelewa bila kufundishwa. Ila wapigadebe nako wapo, usimdanganye mwenzako.

NYONGEZA 3: Ndugu mwenye chaneli amefuta maoni yangu matatu na kuniandikia faraghani kwamba "mpambanaji hulalamiki". Nimemtumia picha ya bili. Kimya.

NYONGEZA 4: Mnaoulizia mzee. Jana kanipigia, meli imetia nanga, tukutane bandarini asubuhi kutoa zile Haisi. Nikamwambia nitawahi, nitamkuta ofisini kwa wakala. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kijana, hapo kwa wakala nikikaa, kiti bei gani?"