Wakala alijaza fomu kwa mkono wake, leo kampuni ya bima inadai mama yangu alificha ukweli

Ndugu wanajamvi, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa kuwa barua tuliyoipokea juma hili inamtuhumu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, kwamba aliidanganya kampuni ya bima kuhusu nyumba anayoishi tangu alipoolewa.

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, hapa Tanga, na anayezijua barabara zetu za namba atakuwa ameshaziona nyingi za namna yake. Mbele imejengwa upya kwa matofali ya saruji, lakini ukipita ukumbini hadi uani unakuta jiko, stoo na vyumba viwili vya zamani vya boriti za mikoko na udongo, vilivyopigwa lipu ya chokaa na kuezekwa bati. Lipu imebanduka mahali pengi na boriti zinaonekana wazi, hata mtoto angezitambua.

Mwezi wa Agosti mwaka jana wakala wa kampuni hiyo alikuja nyumbani, akazunguka nyumba nzima akipiga picha kwa simu yake, kisha akaketi barazani na kuijaza fomu ya maombi yeye mwenyewe, kwa sababu mama hasomi tena maandishi madogo. Mama alimwambia mbele yangu kwamba kule nyuma ni udongo. Akajibu kwamba hilo halina tatizo maadamu paa lote ni bati, na alipofika panapouliza kuta zimejengwa kwa nini, akaandika "matofali ya saruji" na kuishia hapo. Thamani ya nyumba akaikadiria kwa macho kuwa shilingi milioni 60. Mama akatia sahihi alipoonyeshwa, tukalipa ada ya shilingi 120,000 ambayo pamoja na VAT ya asilimia 18 ikawa 141,600, na nilipoihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini, bima ilionekana ni halali. Jioni ile wakala alinitumia picha zote kwa WhatsApp, zikiwamo nne za uani. Nakala ya fomu hatukupewa. Tuliiona kwa mara ya kwanza baada ya moto.

Moto ulianzia stoo usiku wa mwezi wa Juni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, na ripoti ya Zimamoto ilitaja hitilafu ya umeme. Tulitoa taarifa polisi na kwa kampuni siku iliyofuata, tukajaza fomu ya madai, akaja mtathmini wa hasara, akaandika shilingi milioni 24. Kisha ikawa miezi ya kuambiwa kwamba faili liko mezani kwa mkubwa.

Sasa barua inasema kwamba fomu ilitaja matofali pekee, kwamba taarifa muhimu ilifichwa, na kwamba kwa kuwa mkataba wa bima husimama juu ya nia njema, madai yamekataliwa yote. Kanuni hiyo naikubali. Mkata bima analazimika kulisema kila jambo linaloweza kuifanya kampuni ikatae au ipandishe ada, na kuta za boriti na udongo ni jambo la namna hiyo hasa. Lakini mama alilisema, na alilisema kwa mtu pekee ambaye kampuni ilimleta barazani kwake.

Linalonichoma zaidi ni hoja iliyo katika aya ya mwisho ya barua, kwamba wakala anapomjazia mteja fomu huwa anamsaidia mteja, kwa hiyo kosa lake ni kosa la mteja aliyetia sahihi. Dalali wa bima ndiye anayemwakilisha mteja. Wakala huyu alipewa leseni ya kuiuzia kampuni hii bima, alikuja na fomu za kampuni, akatupa stakabadhi ya kampuni. Inawezekanaje basi mtu yule yule, katika kikao kile kile, awe mkono wa kampuni anapopokea 141,600 na awe mkono wa mama kalamu inapokosea? Mwenyewe alikiri kwangu kwa simu kwamba alipitiwa, ila amekataa kuliandika hilo, na tangu hapo hapokei simu.

Ofisa mmoja aliniambia pembeni kwamba hata madai yangekubaliwa tusingepata milioni 24, kwa kuwa mtathmini ameikadiria nyumba kuwa na thamani ya milioni 80. Iliyokatiwa milioni 60 imekatiwa robo tatu, na hasara nayo hulipwa robo tatu, yaani milioni 18. Nimekikuta kifungu hicho kwenye hati ya bima, na ningekimeza kwa uchungu, ingawa makadirio yale ya macho nayo yalikuwa ya wakala.

Nimeiandikia kampuni barua ya kupinga, nikaambatanisha picha zile nne zenye tarehe, na nakala nimeipeleka TIRA. Wakikataa tena nitakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ipo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mvua za vuli zimeanza, vyumba vya uani havina paa, na mama anapika kwa jirani.

Kwa hiyo ninawaomba wenye uzoefu wanijibu hapa: je, yupo aliyewahi kufika kwa Msuluhishi akiwa na picha au ujumbe wa simu uliotoka kwa wakala mwenyewe, na je, ulipokelewa kama ushahidi kwamba kampuni ilikuwa imekwisha kuambiwa ukweli?